Usije Tena

"Yanakufa kwa kiu! Hamuoni? Yanakufa mbele ya macho yenu!"

Msimamizi wa maua ya mji alikuwa amepiga magoti kwenye mzunguko, pale barabara za mji zinapokutana, ameshika shina la ua la manjano lililolegea kama uzi. Watu walimwita Mkaguzi, maana hakuna jani lililodondoka katika mji ule asijue limedondokea wapi.

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na mzunguko, aliinua macho kutoka kwenye soli.

"Binti yangu, kila alfajiri nakukuta unamaliza kuyamwagilia."

"Hayajatosheka. Kesho naongeza ndoo."

"Haya. Wewe ndiye mwenye fani yako."

Jumamosi asubuhi waamuzi wa mashindano ya miji midogo wangefika. Mji mzima ulikuwa umejikwatua. Wenye maduka walipaka kuta rangi, watoto wa shule walipanda maua kando ya uzio, kinyozi alipanga vyungu mlangoni mpaka wateja wakawa wanaingia kwa ubavu. Na hapo katikati, pa kwanza kutazamwa na mgeni, majani yalikuwa yamegeuka manjano.

Lakini tusidanganyane. Maua peke yake hayamkoseshi mtu usingizi hivyo. Jumamosi hiyohiyo jioni dereva wa boza la maji alikuwa anahama, kapata kazi mji mwingine. Na dereva huyo ndiye aliyekuwa mchumba wa Mkaguzi.

Walikosana hivi. Siku aliyotakiwa dereva kuja na wazee wake kujitambulisha, chai ilipoa, wazee wa upande wa binti wakaangaliana, mtu hakutokea. Karakana ya seremala ilikuwa imeshika moto, na mji ule hauna gari la zimamoto, una boza. Alipambana na moto hadi jioni, simu imezima mfukoni. Mji ukampa jina la Zimamoto. Mkaguzi akampa ujumbe:

"Umeniaibisha mbele ya wazee. Usije tena."

Naye akajibu: "Sawa."

Neno moja tu! Hiyo "sawa" ilimkaa Mkaguzi kooni kuliko hata ile aibu. Kesho yake akapiga simu ofisini, akasema boza lisije tena kwenye mzunguko, atamwagilia mwenyewe kwa ndoo.

Siku mbili kabla ya waamuzi, mchana, alikuwa nyumbani kwa mama yake mdogo, mshonaji, akizunguka chumba kizima.

"Kaa basi, unanipa kizunguzungu."

"Nimekaa, mama mdogo."

"Umekaa wapi na umesimama dirishani?"

Akakaa. Akaandika kwenye simu: "Umeshafunga mizigo?" Akafuta. Akaandika: "Safari njema." Akafuta. Akaitia simu chini ya vitambaa, kisha akaitoa.

"Mpigie," alisema mama mdogo, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Nimwambie nini? Mtu unamwambia usije, anasema sawa! Huyo alikuwa anatafuta upenyo wa kutokea."

"Kwani ulitaka asemeje?"

"Abishe! Aje agonge mlango, nimfukuze, arudi tena!"

Mama mdogo alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Mwanangu, mlango umeufunga kwa mkono wako, halafu unamlaumu mtoto wa watu hajapita!"

Kabla Mkaguzi hajajitetea, simu ikaita. Fundi viatu.

"Binti, yale maua leo yamelala kabisa. Hata mwenzako hapa anashangaa."

"Mwenzangu nani?"

"Zimamoto. Yupo anamwagilia, kama kawaida."

"Kama kawaida ipi?"

"Si mnapokezana? Wewe alfajiri, yeye mchana."

Mkaguzi alitoka mbio, mguu mmoja ndala yake, mwingine ndala ya mama mdogo.

Alimkuta kweli. Boza limeegeshwa kivulini, mwenyewe kashika mpira wa maji, anamwagilia shina moja moja, taratibu, utadhani ananywesha watoto dawa.

"Unafanya nini kwenye maua yangu?"

Zimamoto aligeuka, na maji yakageuka naye, yakamlowanisha Mkaguzi miguu.

"Namwagilia."

"Nani kakutuma? Nilisema boza lisikanyage hapa!"

"Lisikanyage kikazi. Hii ni saa yangu ya kula. Nilijua ndoo zitakushinda. Nikaona yanazidi kulegea, nikasema huyu kayasusa kama alivyonisusa mimi."

"Nimeyasusa? Nayamwagilia kila alfajiri!"

"Kila alfajiri?"

"Ndiyo. Na wewe?"

"Kila mchana."

Wakatazamana. Mkaguzi akainama, akafukua nyasi kavu alizozitandaza juu ya udongo ili usikauke upesi. Chini yake tope tupu. Aling'oa shina moja, mizizi ikaja nalo, myeusi, laini, inanuka.

Jambo hili alilijua vizuri. Alikuwa akiwafundisha watoto wa shule: ua lililozidiwa na maji hulegea sawasawa na lenye kiu, kwa sababu mizizi ikioza haiwezi tena kunywa, na asiyejua akiliona hivyo huliongezea maji. Kiwango cha ndoo zake alikijua. Cha boza hakikumpitia akilini hata siku moja.

"Tumeyazamisha," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi na wewe."

"Jamani!" fundi viatu alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Sisi wote tulidhani mnajua! Mke wa kinyozi alisema, wale wamenuniana lakini kazi wanasaidiana, waacheni tu, watapatana."

"Kwa nini hukuniuliza?" Mkaguzi alimgeukia Zimamoto, machozi yameshafika.

"Uliniambia nisije."

"Nilisema kwa hasira!"

"Sasa mimi hasira ningeionaje kwenye simu? Ile jioni nilikuja, unajua? Nikaegesha boza karibu na kwenu, natoa moshi hata kwenye nywele. Simu ilikuwa imepata chaji njiani. Niko nje ya geti, ndiyo ujumbe wako unaingia."

"Ulikuja?"

"Nilikuja. Nikausoma palepale, nikarudi nyumbani."

Siku zote zile Mkaguzi alikuwa amemkasirikia mtu aliyefika mpaka getini kwao. Iliuma, tena iliuma vibaya, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa.

"Na Jumamosi unaondoka."

"Nimeshakubali kazi ya watu. Jumatatu naanza."

Akafuta machozi kwa mkono wenye tope, uso wote ukachafuka.

"Basi shika koleo. Haya yote lazima yang'oke."

Waling'oa mpaka jua likazama, na hawakuongea la maana. Mkaguzi alitaka kusema, akaishia kusema "sogea kidogo". Zimamoto alitaka kusema, akasema "hili ni zito, niachie". Waliomaliza kazi zao walisimama kutazama shimo la tope pale ambapo palikuwa na maua.

"Sasa waamuzi wataangalia nini?" aliuliza mama mdogo, aliyekuja kufuata ndala yake.

"Tope," alijibu Mkaguzi.

"Aka! Mimi nina maua yangu ya barazani kwenye karai. Naleta."

Ikawa kama kachokoza mzinga wa nyuki. Kinyozi akaleta vyungu, na mlango wake ukapitika. Mke wake akaleta waridi kwenye karai la kufulia. Walimu wakaleta ndoo za rangi zilizopandwa na watoto, fundi viatu akaleta buti kuukuu lililoota ua jekundu, akaapa hakulipanda, limeota lenyewe. Ijumaa nzima Mkaguzi alipanga na kupangua. Kila alipopata kona nzuri alimwona Zimamoto kwenye boza upande wa pili, na kona ile ikamchukiza, akaanza upya.

Jumamosi waamuzi waliuzunguka mzunguko wakiwa wameshika kalamu.

"Huu ni mtindo gani?" mmoja aliuliza.

"Wa majirani," alijibu mama mdogo.

Hawakushinda. Ushindi ulikwenda kwa mji wenye chemchemi, na watu wakaukubali kwa manung'uniko ya kawaida. Jioni kila mtu alikuja kuchukua karai lake. Na Zimamoto naye akaja, begi begani, kusubiri basi.

Mkaguzi alizungusha chungu kimoja mara tatu bila sababu. Basi lilikuwa karibu. Akakiacha chungu.

"Wapigie uwaambie huendi."

"Niwape sababu gani?"

Fundi viatu alianza kutafuta msumari chini, na hakuwa amedondosha msumari.

"Usinilazimishe kusema mbele ya watu."

"Tumefanya mambo kimyakimya, wewe kivyako mimi kivyangu, na umeona tulichong'oa. Sema."

"Sitaki uende!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nakupenda. Hata siku ile naandika ule ujumbe nilikuwa nakupenda, na nilikaa na simu mkononi nikingoja ubishe. Kuanzia leo ukitaka kujua ninachotaka, niulize. Na mimi nitasema, hata kama nimenuna."

Zimamoto alishusha begi. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje, wote wasikie.

"Bosi, shikamoo. Samahani sana. Jumatatu sitaweza kuja."

"Marahaba. Kulikoni tena? Umepata pazuri zaidi?"

"Naoa."

"Hongera! Lini?"

Zimamoto akaziba simu kwa kiganja.

"Anauliza lini."

"Kwanza mimi nimeulizwa?" Mkaguzi alisema, mikono kiunoni.

"Utakubali nikuoe?"

Mkaguzi alimpokonya simu.

"Bosi, shikamoo. Mimi ndiye anayeolewa. Siku bado hatujapanga, ila huyu usimngoje, atakupotezea muda."

Akakata simu. Vigelegele vikapasuka, vikaanzia kwa mama mdogo. Basi lilifika, likapiga honi, likaondoka bila abiria. Mkaguzi akalinyanyua lile begi mwenyewe, akashika njia ya kwao bila kugeuka nyuma kuangalia kama anafuatwa. Alifuatwa: na mchumba wake, na mama mdogo, na fundi viatu, na mke wa kinyozi mwenye karai la waridi kichwani.