Kofia ya Harrison

Kila Jumamosi asubuhi mimi na Mama tulipanda treni kutoka mtaa wetu wa Frogtown hadi kwenye makao ya wazee alikofanya kazi. Mama alitandika vitanda na kuwaogesha wazee. Kazi yangu mimi ilikuwa kumsomea barua Bibi Margaret, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia.

Naye alinisimulia habari za Norwe. Siku moja meli yao ya watalii ilitia nanga katika ghuba nyembamba iliyobanwa na milima. Yeye na mumewe, Harrison, wakashuka kwenda kutazama maporomoko ya maji. Manyunyu yaliwalowesha chapachapa. Mara upepo ukaichukua kofia ya Harrison, akaikimbiza, na huku nyuma meli inapiga honi.

"Abiria wote walitungoja sisi wawili!" Bibi alicheka. "Nahodha alinuna, lakini kofia tuliipata."

Alikuwa na picha moja tu ya siku ile. Harrison ameinua kofia yake, Bibi amemshika mkono, na maporomoko yako kando yao. Mwaka uliofuata Harrison alifariki.

Shule ilipofunguliwa Septemba, nilitaka kuandika insha juu ya siku hiyo. Bibi akaniazima picha. "Uirudishe Jumamosi ijayo, Joyeuse," aliniambia.

Rafiki yangu Nkirote aliiona jioni hiyo hiyo, kwenye mazoezi ya kwaya. Tulikuwa chanda na pete, na habari za kofia nilikuwa nimeshamsimulia zote.

"Niachie mpaka Sunday, please," alisema. "Nitaichunga. Promise."

Nikampa.

Kanisani kwetu, anayetoka safari husimama akashukuru na kutoa salamu za huko alikokwenda. Baada ya likizo ndefu, watoto nao hupewa zamu yao. Jumapili ile Wanjohi alileta salamu za nyanya yake kutoka Nyeri. Sisi ambao hatukwenda popote tulibaki tumeketi, tukipiga makofi. Nilidhani Nkirote ataketi nami. Kumbe!

"Bwana asifiwe!" alisema, amesimama mbele.

"Amina!"

"Nawaletea salamu kutoka Norwe." Akainua picha. Akaeleza meli, milima, manyunyu, honi. "Halafu kofia ya daddy ikabebwa na upepo!"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Zadock, aliyetufundisha kanisani, akasema, "Mpigieni makofi ya kilo!"

Mimi sikupiga. Nilikaa pale nikiyasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu niliyempenda kuliko wote.

Nje nilimnyang'anya picha. Ilikuwa nusu. Yalibaki maporomoko matupu, na pembeni kipande cha ukingo wa kofia.

"Bibi na Harrison wako wapi?"

"Niliwakata," Nkirote alisema polepole. "Watu wangejua si wazazi wangu. Nimewaweka kwa Bible." Akanipa kile kipande. "Usikasirike, Joyeuse. Mum yuko kazini kila siku, hata leo. Hatuendi popote. Nilichoka kukaa chini kila mwaka."

"Hata mimi nilikaa chini!" nilimfokea. "Nilikaa chini nikikungoja wewe!"

Nilifika nyumbani nikilia. "Mama, Nkirote amenisaliti!"

Mama alivipanga vipande viwili mezani, akavitazama sana. "Pole, ma fille, binti yangu. Amekukosea kweli. Lakini nani alimpa picha?"

"Mimi."

"Na Bibi Margaret alikuruhusu?"

Nilitikisa kichwa. Uchungu wangu haukupungua, ila sasa niliona aibu pia.

Mama alimwita Nkirote, na Jumamosi akaja nasi. Kwenye treni niliketi mbali naye. Bibi Margaret alipitisha kidole juu ya utepe wa gundi tulioubandika mimi na Mama, kikasimama palipokatwa.

"Mkasi," alisema.

Nkirote alieleza yote. Nami nikasema, "Niliitoa bila kukuuliza, Bibi. Nisamehe."

Bibi aliilaza picha mapajani mwake.

"Joyeuse, nilikuamini wewe," alisema. Maneno hayo yaliniuma kuliko kelele. Kisha akamgeukia Nkirote. "Wale waliokusikia, kawaambie jina la mwenye kofia."

Tulipokuwa tukirudi, Mama alituketisha kila mmoja upande wake. "Kutosafiri si aibu," alisema. "Aibu ni kuchukua siku ya mtu mwingine ukaiita yako. Nawe Joyeuse, kitu ulichoaminiwa usikigawe, hata kwa rafiki. Ukivunja imani ya mtu, gundi inashika, lakini alama inabaki."

Jumapili iliyofuata Nkirote alisimama, ingawa hakuna aliyeulizwa habari za safari.

"Bwana asifiwe," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sijafika Norwe. Yule mwenye kofia si baba yangu. Anaitwa Harrison, na nilimkata kwa picha ya mke wake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Zadock alimshukuru kwa kusema kweli, akamwambia aende kuketi.

Alibaki amesimama kati ya mabenchi, hajui akae wapi. Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha. Hata hivyo nilisogea kidogo, nikamwachia nafasi.