Aliyesimama Mlangoni Kwetu

Jioni ile nilifunga studio yangu pale Muyinga, nikabeba kamera na stendi yake, nikapanda pikipiki ya Birindwa, Mkongo anayeuza vitenge sokoni, kwenda kijijini kwetu Gasorwe. Kazi yangu ni picha za harusi. Usiku huo nilikwenda kuupiga picha uongo wa Gervasi.

Gervasi ni jirani wa shamba letu. Tangu turudi kutoka Tanzania anasema kijiji chetu cha zamani, kile watu walichokikimbia wakati wa vita, kina mizimu, na anayelala pale haamki. Ajabu, mizimu hiyo haiwagusi mbuzi wake wanaojilia kwenye kiwanja chetu. Mama alimwamini. Akabaki Makebuko kwa dada yake, kila asubuhi miguu imevimba na dawa haisaidii.

"Paskazia, niletee picha ya usiku," aliniambia. "Kama hakuna mtu, nitarudi kwangu."

Tulifika giza limeshika. Nyumba hazina mabati, madirisha matupu. Nikaielekeza kamera mlangoni kwetu, nikaliacha jicho lake wazi dakika kadhaa linywe giza polepole, huku Birindwa akizunguka na tochi kumulika kuta. Nilimwonya asisimame. Katika picha ya namna hiyo anayetembea haonekani. Hubaki kilichotulia tu.



Kisha... harufu ya maharage yanayochemka.

"Dada," Birindwa akanong'ona, "kuko mtu anapika hapa?"

"Tembea."

"Mi natembea. Lakini hii harufu..."

Nilipoitazama picha, Birindwa hakuwemo. Kuta zimo, nyasi zimo. Na mlangoni kwetu...

Mwanamke.

Ametugeuzia mgongo, kama anayengoja kufunguliwa. Kitenge cha kijani, kila mkunjo wazi. Mtu hai hupumua, huyumba, picha ikafifia. Huyu hakutikisika hata kidogo. Nikamulika mlango kwa tochi. Hapakuwa na mtu.

Birindwa alisogeza uso kwenye kioo cha kamera. "Hii kitenge haiuzwi tena, dada. Iko ya zamani sana. Alors, basi, twende."

Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilizidi woga.

"Simama upendavyo," nikauambia mlango. "Kwetu ni kwetu."

Kule Makebuko, mama aliisogeza picha machoni. Nilidhani atalia.

"Kitenge hiki nilikivaa siku tuliyokimbia na kuacha maharage motoni," akasema. "Kilichanikia mtoni, nikakiacha. Mwanangu, huyu ni mimi."

Akajisugua miguu. "Kumbe ndiyo maana haipumziki usiku."

Siku ileile akaanza kufunga vitu vyake.

Sasa tunaishi pale, chini ya mabati mapya. Gervasi ameapa sokoni kwamba atatutoa. Basi jana usiku, mama akikoroma chumbani, niliisimamisha kamera uani, nikaiacha wazi.

Yupo. Mlango uleule, kitenge kilekile. Safari hii ametazama nje, kwenye njia ya kwa Gervasi.

Nikaingia, nikafunga mlango kwa kufuli, nikalala na ufunguo shingoni. Asubuhi mama aliomba maji ya moto ya kuloweka miguu.

"Alfajiri Gervasi alifika mpaka kwenye migomba, na panga," akasema taratibu. "Akaniona. Akakimbia."

Nikaushika ufunguo. Ulikuwa palepale shingoni.

"Na akirudi, mama?"

Akatumbukiza miguu kwenye beseni, akafumba macho.

"Arudi tu. Usiku mimi sikai chini."