Kikohozi Alichorudi Nacho Ndyamukama

Kila mwaka kahawa ilipoanza kuiva, Kokwijuka alijiambia kwamba safari hii mumewe atarudi. Yeye alikuwa mkulima wa kijiji cha Kimuli. Alfajiri alifagia uwanja, akamenya ndizi, akashika jembe. Mumewe, Ndyamukama, alikuwa Buganda akilima pamba ya watu. Aliondoka Kokwijuka akiwa na mimba changa. Sasa mtoto wao Placidia alikuwa na miaka minne, na baba yake alimjua kwa jina tu.

Mwaka wa 1954 alirudi kweli. Alivuka mto Kagera kwa mtumbwi, akapita Isingiro kwa miguu, akaingia nyumbani jua likiwa utosini. Kichwani alikuwa na sanduku la bati, na ndani mlikuwa na kanga, blanketi jipya na viatu vya mtoto. Mama yake, Bibi Eugenia, alilia kwa furaha. Majirani walikuja, wakapewa akamwani, zile buni kavu za kutafuna anazokaribishwa nazo mgeni. Wote walisema Ndyamukama sasa ni bwana mkubwa.

Kokwijuka hakusema hivyo. Aliona shingo ya mumewe imekuwa nyembamba na koti linamning'inia. Tena alikuwa akikohoa. Akicheka anakohoa, akila anakohoa. Alipomwuliza, alijibiwa kwamba ni vumbi la njiani, litakwisha.

Wiki tatu zikapita, halikukwisha. Bibi Eugenia akatoa shauri lake. Alisema kuna mtu amemwonea mwanawe kijicho, kwa hiyo asionekane na watu mpaka apone. Waliishi katika msonge, nyumba ya nyasi ya mviringo isiyo na dirisha hata moja. Mlango ukafungwa mchana kutwa, moto ukakokwa katikati ili mgonjwa asipate baridi. Majirani waliambiwa amekwenda kuwasalimu wajomba zake. Na Placidia, ili amzoee baba yake, akawa analazwa ubavuni mwake chini ya lile blanketi jipya.

Nawaambieni, hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika nyumba ile. Walipendana, basi. Ndyamukama alikohoa juu ya kichwa cha mtoto, akatema mate kwenye nyasi zilizotandikwa chini, na bibi akaongeza nyasi mpya juu ya zile za zamani.

Mwezi wa pili Bibi Eugenia naye akaanza kukohoa. Mwezi wa tatu Placidia akaacha kucheza. Alikataa chakula, jasho likamlowesha hata penye baridi, mbavu zikatokeza. Kisha siku moja Kokwijuka akaona damu kwenye kitambaa cha mumewe.

Bibi Eugenia alitaka aitwe mganga. Kokwijuka hakuwa amewahi kumjibu mkwewe tangu aolewe. Siku ile alimjibu.

"Mama, wewe una mtoto wako, na mimi nina wangu. Niache nimpeleke wangu kwa dresa."

Akamfunga Placidia mgongoni, akaenda. Dresa, mtabibu wa zahanati, alikuwa Yustus, Mhaya wa Muleba, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mtoto kifuani, kisha akauliza nani anakohoa nyumbani. Ile habari ya wajomba ilimfika Kokwijuka mdomoni. Akaimeza, akasema ukweli wote.

Kesho yake Yustus alifika Kimuli kwa baiskeli. Aliinama mlangoni pa msonge, akarudi nyuma, akaomba wote watoke wakae juani. Alimtazama Ndyamukama kwa muda.

"Huko Buganda hukupimwa?"

Ndyamukama akasema, "Nilipimwa. Waliniambia ni kifua kikuu, nilale hospitali mwaka mzima. Nikaogopa kufa kabla sijamwona mwanangu. Nikatoroka."

"Hawakukuambia kwamba unaambukiza?" aliuliza Kokwijuka.

"Waliniambia."

"Na ukamlaza ubavuni mwako."

Ndyamukama alijifunika uso kwa mikono. Kokwijuka alimchukia wakati ule, na tusimlaumu.

Yustus hakuwagombeza. Alieleza kwamba ugonjwa huu hauletwi na kijicho wala haurithiwi. Una vijidudu, na mgonjwa akikohoa hutoka na pumzi. Ndani ya nyumba iliyofungwa hubaki humo humo, na kila anayekaa humo huvivuta. Kwa hiyo nyumba iwe na madirisha, na jua liingie. Mgonjwa alale peke yake, afunike mdomo anapokohoa, ateme mate katika kopo lenye kifuniko, kisha yachomwe moto. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, akapimwe, na wa nyumbani mwake wapimwe pia.

"Dawa ipo," alisema. "Ni sindano na vidonge, kwa miezi mingi. Wengi hupata nafuu, wakaacha dawa, na ugonjwa ukarudi na nguvu. Usiache mpaka uambiwe umepona."

Lori liliwachukua Ndyamukama, Kokwijuka na mtoto mpaka hospitali ya misheni. Kokwijuka naye alipimwa, akaonekana hana ugonjwa. Bibi Eugenia alikataa katakata kupanda. Alisema hatoki nyumbani kwake. Kabla maharage hayajavunwa alikufa, akazikwa migombani. Ndyamukama alipata habari akiwa kitandani, na hakuruhusiwa kwenda kumzika.

Baada ya miezi mitano Kokwijuka alirudi na Placidia, mashavu yamejaa, wamepewa vidonge vya kumalizia nyumbani. Siku hiyo hiyo alitoa nyasi zote za sakafuni akazichoma. Kisha akachukua panga akautoboa msonge madirisha mawili. Jirani yake Adelgunda alicheka, akasema nyumba sasa ina macho. Kokwijuka alimweleza kwa nini. Wiki haikuisha, Adelgunda akaja kuazima lile panga.

Ndyamukama alirudi mwaka uliofuata, amepona, na cheti cha hospitali mfukoni. Safari hii hakuingia ndani. Alisimama uwanjani, akamkabidhi Kokwijuka kile cheti kabla hata hajasalimiwa. Kokwijuka alimletea kigoda. Placidia alipiga magoti akamwamkia, "Shikamoo, bwana," kama anavyoamkiwa mgeni yeyote.

Ndyamukama aliitikia, akageuka kutazama kaburi la mama yake. Upepo ukageuza moshi wa jikoni ukampata usoni, akakohoa mara moja.

Placidia aliruka, akakimbilia ndani. Alirudi na kopo lenye kifuniko, akaliweka chini hatua tatu mbali na kigoda, akarudi nyuma kama alivyofundishwa.

"Ni moshi tu, mwanangu," alisema Ndyamukama.

Mtoto hakusogea. Alimtazama tu, akingoja. Ndyamukama akainuka, akaliokota lile kopo, akalishika kwa mikono miwili.