Uwanda Aliouona Benedetta

Kila Jumamosi Asekenye na rafiki yake Benedetta walianika mihogo juu ya turubai nyumbani kwa kina Benedetta, hapo Malaba. Mvua ikitishia, kila mmoja alishika upande wake na kusukumia katikati mbiombio.

Siku moja Benedetta alisimama ghafla.

"Ona! Turubai imekuwa fupi, mihogo imepanda. Si ndio mwalimu alisema? India ilisukuma Asia, ardhi ikakunjana, ikawa nene, Tibeti ikainuka! Hii nitapeleka maonyesho."

"Wacha maneno, tutanyeshewa," Asekenye akamjibu.

Jumatatu Benedetta alilala na malaria. Mwalimu Okwakol aliuliza nani ana wazo la maonyesho ya sayansi mjini Busia. Mshindi angesoma likizo nzima kwenye kambi ya sayansi Nairobi. Asekenye akainua mkono, akasimulia habari ya turubai bila hata kupepesa macho. Jina lake likaandikwa. Benedetta aliporudi na kusikia, Jumamosi hiyo alianika mihogo peke yake.

Kule Busia Asekenye alisukuma turubai, watu wakapiga makofi. Kisha mwamuzi, mama mmoja mpole, akauliza, "Mbona Tibeti ni uwanda mpana, si mlima mmoja mrefu?"

Asekenye akaisukuma turubai tena, ikapanda vilevile kama mwanzo. Alirudi mikono mitupu, na aibu ikamkaba hadi akamfuata mwalimu na kukiri yote.

Mwalimu alimwita Benedetta, akamuuliza swali lile lile.

"Ardhi ikirundikana sana inajilemea, mwalimu," alijibu papo hapo. "Haiwezi kupanda tena. Inaenea kando."

Mwalimu Okwakol akashusha pumzi. "Hilo ndilo jibu walilotaka. Kesho, Asekenye, utaeleza shule nzima wazo lilikuwa la nani."

"Na mwaka ujao Benedetta ataenda, mwalimu?"

"Mwaka ujao mtakuwa mmemaliza hapa."

Asekenye akaangua kilio. "Nisamehe, Benedetta."

"Nilikuwa nimeota hiyo Nairobi," Benedetta alisema, akachukua mkoba wake na kutoka.

Asekenye alitaka kumkimbilia, lakini mwalimu akamzuia.

"Mwache. Umefanya vizuri kusema kweli, na jina lake litarudi. Lakini ulipoiba wazo lake uliiba na safari yake, na hiyo mimi siwezi kumrudishia, wala wewe. Kumbuka hilo siku nyingine kabla hujainua mkono."