Aliyechimba Kisima cha Shule

Kila asubuhi Hellena aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akakimbilia shule ya kijiji chao, Mollo, akiwa tayari amechoka. Mwaka ule wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao kununua mahindi, kwa hiyo jioni nazo zilikuwa za kupukuchua pamoja na mama yake mpaka vidole vimuume.

Ndiyo maana Mwalimu Agnesi alipomwagiza aandike risala juu ya maisha ya Waziri Mkuu, ambaye angesimama shuleni Ijumaa, Hellena hakwenda mjini Mazwi kusoma magazeti ya zamani kama alivyoelekezwa. Aliandika aliyoyasikia redioni tu: kwamba Waziri Mkuu alianza na ukarani katika chama cha ushirika, akawa mbunge, akapewa uwaziri, akaondolewa, akarudi kijijini kwao kulima miaka minne, kisha akaitwa tena. Ukurasa haukujaa. Akaongeza: "Alipokuwa kijana alipita Mollo, akachimba kisima cha shule yetu kwa mikono yake."

"Kumbe! Mbona hatukujua?" Mwalimu Agnesi alishangaa kwa furaha.

Basi kisima kikapakwa chokaa, kikawekewa kibao chenye jina la Waziri Mkuu. Siku mbili nzima wanafunzi walisomba mawe ya kukizungushia.

"Mikono yangu imetoka malengelenge," Kabula, rafiki yake, alilalamika. "Lakini si kisima cha mtu mkubwa? Tufanyeje?"

Hellena aliinama akaokota jiwe jingine.

Alhamisi alasiri Mzee Tadei, jirani wa shule, alikuja na ndoo yake. Akasimama mbele ya kile kibao, akakisoma polepole.

"Shikamoo, babu," Hellena alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kisima hiki tulikichimba mimi na mdogo wangu Fransisko. Udongo ulimwangukia humu, tukamtoa hana uhai. Nani kawaambia habari hizi?"

Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. Hellena akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Agnesi.

"Mwalimu, habari ya kisima niliitunga mimi. Nilichoka, nikataka kumaliza."

Mwalimu Agnesi aliweka kalamu chini. "Mgeni anafika kesho, na watoto wameshachoka," alisema. "Haya. Twende tukang'oe kile kibao, kisha uandike upya."

Ijumaa wanafunzi na wanakijiji walisimama juani tangu saa tatu. Saa tisa msafara ukapita mbio bila kusimama. Mkono mmoja ulipunga dirishani, vumbi likawafunika wote. Watoto wakakaa chini, hoi.

"Soma hivyo hivyo," Mwalimu Agnesi alimwambia Hellena. "Wenye kijiji wapo."

Hellena akasoma safari ya Waziri Mkuu kutoka ukarani hadi cheo chake, kisha akamalizia: "Kisima chetu kilichimbwa na Mzee Tadei na marehemu mdogo wake, Fransisko, aliyefia humo."

Mzee Tadei alivua kofia. Watu wakasogea mmoja mmoja, wakamshika mkono.

Mwalimu Agnesi akawageukia wanafunzi. "Waziri Mkuu ana kazi zake mwenyewe, hahitaji za kuazima. Ukimpa mkubwa jasho la mtu mdogo, umeiba, hata kama hukugusa mfuko wa mtu. Siku nyingine mkichoka, njooni mniambie mmechoka. Hilo nitalielewa. Uongo ndio unaotuchosha sote."