Madirisha ya Jengo la Harkness

Lifti ya Jengo la Harkness, pale katikati ya Liverpool, ilijaa makarani mpaka mlango wake wa vyuma ukagoma kufunga. Noreen Rimmer, koti jekundu limemkaa sawasawa, alimgeukia kijana aliyekumbatia rundo la michoro.

"Kaka, ama uingie ama utoke."

"Nikitoka, dirisha lako nani atalipima?"

Aliitwa Edwin Lathom, mchoraji wa kampuni ya ujenzi, ametumwa kupima jengo zima. Noreen alikuwa opereta wa simu ghorofa ya tano. Dirisha lake lilipimwa wiki nzima, na hakuuliza kwa nini.

Edwin alimwonyesha alichokaa nacho miaka bila kukiona: madirisha yaliyochomoza nje ya ukuta, vioo tangu sakafuni hadi darini, na nguzo nyembamba za chuma zilizobeba mzigo ambao majengo mengine ya enzi ya Malkia Victoria yaliubebesha kuta nene. Alisema aliyelibuni jengo hilo aliwahurumia makarani wa pamba, waliopima nyuzi kwa mwanga haba wa mji huu. Akauweka mkono wa Noreen juu ya nguzo ya baridi, akasahau kuutoa wake.

Mchana alikuwa akimpigia simu kutoka kibanda cha mtaani.

"Nikuunganishe na nani?"

"Na wewe, mpenzi."

"Huyo yuko kazini."

"Basi nitasubiri."

Kisha bosi wa Noreen akawatangazia wafanyakazi wahame: jengo litavunjwa, lijengwe ghorofa la zege, na michoro ya Edwin ndiyo itakayowaongoza wabomoaji. Noreen alimkabili kwenye ngazi. Edwin alikiri kwamba alijua tangu siku ya kwanza, ila kila alipotaka kusema aliogopa kumpoteza.

"Ukaona bora niambiwe na bosi," Noreen alisema, akapanda zake.

Tangu hapo kila akisikia sauti ya Edwin kwenye simu alichomoa waya, kisha akabaki ameushika, moyo ukimuuma. Baridi ikaingia. Jioni, makarani wakishaondoka, alisimama peke yake kando ya ile nguzo, akimtamani mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza.

Baraza la mji lilipoitisha kikao kuhusu jengo hilo, alikwenda akakaa nyuma. Waajiri wa Edwin walidai chuma kimeoza. Edwin akasimama mbele yao, uso umempauka, akafungua michoro yake na kueleza kwamba kila nguzo ni nzima. Jengo likanusurika. Yeye akafukuzwa kazi, akaenda Glasgow bila kuaga.

Noreen alivumilia mpaka akashindwa. Aliwabembeleza maopereta wenzake wa Glasgow, wakamtafutia ofisi moja ya michoro baada ya nyingine.

"Lathom hapa."

"Umeondoka hata kwaheri hukusema."

"Nilidhani utachomoa waya. Bado umenikasirikia?"

"Bado. Njoo nikukasirikie uso kwa uso."

"Huko sina kazi, Noreen. Nikija, nakuja kukuoa tu."

"Hiyo ni kazi tosha."

Jumamosi Noreen aliwahi kituo cha treni. Treni ya kwanza kutoka Glasgow ilimwaga abiria wote, Edwin hayumo. Noreen akanunua chai, ikapoa mkononi. Ya pili ilipoingia, alimwona akishuka, amekonda, begi moja begani, macho yakimtafuta. Akaiweka chai chini, akaenda kumpokea.