Kilo Themanini na Nne Zishuke

"Mzani wako unadanganya, kaka," Noreen Tapscott alimwambia muuza mboga, na foleni nzima ikageuza shingo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa sabini na tisa, barabara kuu ya Hounslow imefurika watu utadhani viazi vinagawiwa bure. Muuza mboga, jibaba lenye mashavu mekundu kama nyanya zake, alishika kiuno.

"Mzani huu ulikuwa wa baba yangu, dada. Umetaka ratili tano za viazi, nimekupa ratili tano."

"Hizi ni nne na robo. Mkono wangu hausubiri mshale."

"Mpimie tena, bwana," sauti ya kiume ikasema kutoka nyuma. "Ukibishana naye utalala hapahapa."

Muuza mboga aliazima mzani wa jirani yake, muuza samaki. Mshale ukapanda, ukasita, ukasimama kwenye nne na robo. Foleni ikaangua kicheko. Noreen aligeuka amwone huyo shahidi wake: mwanamume mrefu, sweta la sufu la bluu lililotoboka kiwiko, nywele nyekundu zilizokataa kitana.

"Umejuaje kwamba nasema kweli?"

"Viazi sivijui. Hiyo sauti ndiyo naijua." Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Wewe ndiye yule Uzani wa redioni! Wewe ndiye uliyeshusha masanduku ya abiria wangu Jumanne. Mama mmoja mwenye manyoya ya mbweha shingoni alinitukana kutoka hapa mpaka katikati ya bahari."

"Na wewe ndiye yule injinia anayenung'unika redioni kama mtoto aliyenyimwa peremende."

"Denzil Penhale."

Noreen alimpima kwa macho, kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka.

"Kilo themanini na nne," akasema.

"Themanini na mbili!"

"Hizo zilikuwa kabla ya Krismasi."

Basi mambo yakaanzia hapo, mbele ya kabichi. Noreen alikuwa na miaka thelathini na moja, koti la kijani kibichi, kitambaa cha manjano kichwani na midomo isiyojua kukaa kimya. Kazi yake uwanja wa Heathrow ilikuwa kupanga uzani wa Konkodi, ndege ile yenye pua kama ya korongo, iliyokwenda kasi mara mbili ya sauti. Na ndege hiyo, wacha niseme, ilideka kuliko bibi harusi. Ilikufikisha New York kwa saa tatu na nusu, ndiyo, lakini kwa kila abiria mmoja ilibeba karibu tani nzima ya mafuta, na bado ikifika huwa imebakiwa na akiba ya kuhesabu. Upepo ukibadilika kidogo, au New York ikishukiwa na ukungu, mafuta ya tahadhari lazima yawepo, na hapo kitu kingine kishuke. Mwenye kusema kishuke nini alikuwa Noreen. Mawaziri walishawahi kumbembeleza kwa ajili ya mabegi yao. Mabegi yalishuka.

Denzil alikuwa injinia wa ndani ya ndege hiyo. Alikaa nyuma ya marubani, akitazama ukuta wa saa na swichi, akisukuma mafuta kutoka tangi za mbele kwenda mkiani ndege inapoongeza kasi, na kuyarudisha mbele inapopunguza, ili isipinduke kama baiskeli yenye gunia upande mmoja.

Simu zikaanza. Denzil alipiga kila alipotua, hata kutoka New York, ambako dakika tatu zilimlia posho ya chakula.

"Hujambo, Ratili?"

"Ratili ni mama yako. Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Ndiyo maana unanenepa."

"Jumapili nije kwenu?"

"Njoo. Ila mama yangu anaichukia ndege yako. Alitia sahihi barua ya malalamiko ya mtaa mara mbili, ya pili kwa jina la marehemu baba."

Denzil alikwenda na maua. Mama Tapscott aliyapokea, akamkalisha chini ya kabati la vikombe vya kauri, akamwambia, "Subiri saa tano kasorobo, kijana." Saa tano kasorobo ndege ilipaa, nayo kwa kupaa huwasha moto wa ziada nyuma ya injini. Madirisha yakatetemeka, kikombe kikatembea chenyewe hadi ukingoni. Denzil alikidaka hewani.

"Hicho ni cha sita mwaka huu," mama akasema. "Vitano havikupata wa kuvidaka."

"Mama, ukiona hapa ni kelele, njoo kwetu Konuoli, pwani ya magharibi. Ikirudi jioni inabidi ipunguze kasi kabla haijaiona pwani, maana mshindo wake ukifika nchi kavu ng'ombe hukatisha maziwa. Rubani akichelewa hata dakika moja, mjomba wangu anaandika barua."

Mama Tapscott alijaribu asicheke. Alishindwa. Siku hiyo Denzil alipewa kipande cha pili cha keki, na Noreen aliijua maana yake.

Jioni hiyo, wakila chipsi na samaki kwenye karatasi, Denzil alimwambia siri ya kiti chake.

"Ikiwa juu kule, mwili wa ndege unapata moto na kurefuka. Karibu shibiri nzima. Pembeni ya meza yangu hufunguka ufa, kiganja kinapita. Sisi mainjinia tunachomeka humo kofia, magazeti, hata sandwichi."

"Na ikipoa?"

"Unafumba kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Ukisahau kitu humo, usihangaike. Nyundo haisaidii. Unangoja mpaka ndege iende kasi tena. Na aliyesahau hununulia karakana nzima chai mwezi mzima."

"Wanaume wazima nyinyi!"

Miezi minne ilipita namna hiyo, mitamu. Halafu ikaja barua kutoka Bahrain: ofisi ya uzani huko inataka mkuu, miaka mitatu, nyumba na gari juu yao. Jibu kwa simu, Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Noreen hakuitaka Bahrain. Wala hakuikataa. Aliwahi kuchumbiwa na fundi bomba wa Feltham aliyemwambia "nipe hadi kesho" kwa miaka minne, kisha akamwoa binamu yake Noreen. Tangu hapo aliapa kwamba kesho ya mwanamume hataingoja tena. Jumatano alimwambia Denzil kwenye simu, waziwazi:

"Kuna kazi nimepewa, mbali. Ijumaa saa sita najibu. Kama una neno la kuniambia, nataka kulisikia kesho ukitua. Kama huna, sina kinyongo."

"Ninalo," Denzil akasema. "Kesho."

Mchana ule alinunua pete New York, ndogo, jiwe la kijani kama lile koti la sokoni. Alhamisi, wakiwa juu ya Atlantiki, mbingu imekuwa ya zambarau iliyokoza, aliitoa aitazame. Taa ikawaka ubaoni: pampu moja ya mafuta imezembea. Mikono miwili ilihitajika, na pete haiwezi kuachwa mezani ikabingirika kati ya swichi. Akaitia ufani. Alihangaika na pampu ile nusu saa. Ilipotengemaa walikuwa wanapunguza kasi, mafuta yanarudishwa mbele, marubani wanauliza namba hii na ile, na Denzil anajibu. Alipoikumbuka pete, Konuoli ilikuwa chini yao na ufa haupitishi hata kadi ya posta.

Walipotua, mafundi wa karakana walimulika tochi ufani. "Tunaiona," wakasema, wanakufa kwa kicheko. "Imekaa vizuri, haina madhara, tumeandika kwenye kitabu cha ndege. Itatoka kesho ndege ikipata moto. Na chai yetu tunaweka sukari mbili."

Mwanamume mwenye akili angekwenda kusema ukweli. Lakini Denzil alikuwa ameipanga hotuba yake kwa siku kumi, na ndani ya hotuba kulikuwa na pete. Alimkuta Noreen akimsubiri mlango wa wafanyakazi, amevaa gauni jekundu lenye mkanda, midomo ameipaka rangi, kitu ambacho hakukifanya kazini hata siku moja.

"Haya," Noreen akasema. "Umetua."

"Noreen, mpenzi..." Alipapasa mfuko mtupu. "Nipe hadi kesho jioni."

Noreen alirudi nyuma hatua moja.

"Umesemaje?"

"Kesho jioni tu. Kuna kitu... hakijawa tayari."

"Jibu langu ni saa sita mchana, Denzil. Jioni ni baada ya mchana, hata huko kwenu." Alivua hereni moja, kisha ya pili, akazitia mkobani taratibu. "Usiku mwema, injinia."

Ijumaa Denzil hakuwa zamu. Alimwomba mwenzake Lionel Fripp, aliyekuwa zamu, amruhusu apande kwenye kiti cha ziada. Ufa ukifunguka achukue pete, na akifika New York apige simu kabla ya saa sita ya London. Hesabu hiyo aliifanya alfajiri bila chai, ndiyo maana hakuona kwamba ndege ya saa nne na nusu haifiki popote kabla ya saa sita. Mapenzi yalimtoa akili mtu aliyeishi kwa saa kumi na tano za ukutani.

Kuruka kukachelewa karibu saa nzima, na saa tano na robo New York ikatangaza ukungu. Ofisini kwake Noreen alikokotoa upya, macho mekundu, kalamu kali. Akabonyeza redio.

"Ukungu. Mafuta ya akiba yaongezwe. Orodha inaonyesha mtu kiti cha ziada, asiye na kazi. Kilo themanini na nne zishuke."

Redio ya kampuni ilisikika kote: ofisini, karakana, kwa wapakia chakula.

"Uzani," Lionel akajibu, "huyu mtu ana dharura."

"Kila mtu ana dharura. Ashuke."

Pakasikika mvutano wa kipaza sauti, kisha Denzil.

"Ratili, nisikilize. Pete yako imo humu ndani."

"Nini?"

"Pete. Nilikununulia. Jana niliichomeka ufani, pampu ikanisumbua, ndege ikapoa. Sasa siwezi kuitoa mpaka tupite kasi ya sauti. Nilitaka nikuoe na pete mkononi, sikutaka nije mikono mitupu kama... kama nilivyokuja."

Karakana ikalipuka. Mtu mmoja huko alipiga spana kwenye pipa. Noreen alifunika uso kwa karatasi za hesabu, na mabega yakatikisika. Mkuu wake wa zamu hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Kisha akavuta pumzi, akabonyeza.

"Lionel."

"Naam, Uzani."

"Wewe una mikono?"

"Miwili."

"Ufa ukifunguka, toa hicho kitu, tia mfukoni, funga kifungo. Na wewe Penhale, mafuta ni mafuta. Kilo themanini na nne zishuke, tena upesi, watu mia moja wanakusubiri."

Akashuka. Kwa ajili ya ngazi kurudishwa na mlango kufungwa upya, ndege ilipoteza zamu yake kwenye foleni ya kuruka. Denzil alikimbia kutoka uwanjani hadi jengo la ofisi chini ya manyunyu, akapanda ghorofa tatu, akaingia sweta linachuruzika. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Simu ya Bahrain ilikuwa mbele ya Noreen, na mkono wake juu yake.

"Sina pete," Denzil akasema, akihema. "Sina hata hotuba, imelowa. Nina mshahara wa injinia, mjomba mwenye ng'ombe, na wewe ukinitaka." Akapiga goti kwenye zulia la kampuni. Makarani sita waliacha kupiga chapa. "Nioe. Yaani nikuoe. Vyovyote utakavyo, Noreen, lakini leo."

Noreen akafungua mdomo, na wakati huohuo Konkodi ikapaa.

Moto wa ziada, injini nne, mita mia tano kutoka dirishani. Vioo vikalia, vikombe vya chai vikacheza, kalamu zikaanguka. Denzil aliona midomo ile ikisema kitu, kirefu kidogo, macho yamemkazia. Hakusikia hata herufi.

"Umesemaje?" alipiga kelele.

Ngurumo ikaondoka kuelekea magharibi. Noreen akajipangusa jicho kwa kiganja.

"Sirudii. Nimeshasema."

"Ratili, nakuomba!"

Lakini alikuwa ameshazungusha namba, na kule upande wa pili mtu alishainua simu.

"Bahrain? Tapscott hapa, London." Alimtazama mwanamume aliyepiga goti huku maji yakimchuruzika pembeni, akanyoosha mkono akamshika sikio, asije akainuka. "Nashukuru sana kwa nafasi, bwana. Siji. Naolewa."